Ngazi Nne za Ghala la Pamba

Alama ya X ilichorwa kwenye ukuta wa mama yangu Jumatano. Habari ikanifikia Migori Alhamisi asubuhi, nikiwa nimepanga makoti ya mitumba mbele ya kibanda changu. Watu wa kanjo, baraza la mji wa Homa Bay, walikuwa wanafufua barabara ya zamani ili malori ya samaki yapite, na kwa vipimo vyao barabara hiyo ilipita katikati ya nyumba ya mama: chumba cha mbele alimouzia sukari na sabuni, na chumba cha nyuma alimonizalia. Trekta ingekuja kubomoa Jumatatu. Mama ni Msabato. Kuanzia jua la Ijumaa kutua hadi la Jumamosi kutua hagusi hata ufagio. Nikahesabu siku alizobaki nazo, nikahesabu tena. Zilikuwa tatu pamoja na Jumapili, na ya kwanza ilikuwa imeanza.

Sikukimbilia Homa Bay. Nilikwenda kwanza kwa mzee mmoja pale pale Migori, fundi saa, ambaye ujanani alichora ramani katika ofisi ya ardhi. Nilijua ana bomba la bati lililojaa ramani kuukuu, kwa sababu mwaka uliotangulia alijaribu kunishawishi ninunue ya Kehancha nifunikie meza. Sasa nikaingia nikipiga miayo, nikaulizia mkanda wa saa, kisha kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, nikaulizia makaratasi yale.

"Unataka ya Homa Bay," akasema bila kuinua macho.

"Nani kasema?"

"Mtu wa Homa Bay akipiga miayo saa mbili asubuhi, ana shida nyumbani."

Nikampelekea koti la sufu kama malipo, akalipekua bitana, akalikataa. Nikaleta lenye vifungo vyote. Akavihesabu. Nikaondoka na ramani, na hadi leo naamini koti la kwanza lilimpendeza zaidi.

Ilikuwa imechorwa kwenye kitambaa cha rangi ya samawati, mistari myeupe. Mji niliouona humo sikuujua. Kulikuwa na mtaa mzima sambamba na ziwa, maduka kumi na mawili yamepangana, gati la mawe, na mwisho wake ghala kubwa la pamba, mbele yake mistari minne mifupi iliyosogeleana: ngazi nne za kupakulia. Mimi nilikulia pale na sikuwahi kuona duka hata moja kati ya hayo. Mama alikuwa ameniambia sababu tangu utotoni, nami nikadhani ni hadithi za kulalia: miaka ya mwanzo ya uhuru mvua ilinyesha hadi ziwa likapanda likala mtaa, watu wakahamia juu wakajenga kila mmoja alipopenda. Barabara nayo ikafa chini ya nyumba hizo. Ila kwenye karatasi za serikali barabara haifi.

Nilifika Homa Bay jioni ile nikampata mpimaji wa kanjo, kijana mwenye viatu safi mno kwa kazi yake, akifunga vifaa.

"Ndugu, ulianza kupima wapi?"

"Plani inasema ukingo wa maji. Futi mia tatu."

"Maji ya lini?"

Akanitazama kama mteja aliyeomba punguzo kabla ya kuulizwa anataka nini. Nikamfunulia ramani. Akaisoma kwa muda mrefu. Si mjinga, alipimia ziwa la leo barabara ya ziwa la juzi, na kosa hilo angelifanya yeyote aliyezaliwa baada ya maji kupanda, mimi mwenyewe nikiwemo. Lakini akasema ramani ya kwenye bomba la fundi saa si ushahidi. Nimwonyeshe ngazi za ghala, zilizokuwa ukingoni mwa maji ya zamani, naye angeanza upya hapo. Kesho saa sita mchana anaondoka kwenda Kendu Bay.

Ngazi hizo sasa zilikuwa ndani ya ziwa. Na ziwa, miaka ile ya tisini, lilikuwa limefunikwa na gugu maji, zulia la kijani kutoka ukingoni hadi macho yanapochoka. Chini yake kulikuwa na nyoka, na kiboko akipenda.

Aliyejua zilipo ni jirani yetu, mjane kutoka Kendu Bay aliyekaanga samaki. Nyumba yake ilikuwa chini ya yetu, kuelekea majini. Yeye na mama waliitana nyieka, mke mwenza, utani wa wanawake wa kwetu ambao hawagawani mume bali chumvi, makaa na umbeya.

"Nyieka, mwanao anatafuta mawe majini," mama akamwambia Ijumaa asubuhi.

"Mawe gani? Yale yaliyonilia mtumbwi wa mume wangu?" Akanipima kwa macho juu hadi chini. "Huyu wa makoti ataingia humo? Vua suruali, bwana wa Migori. Sisi wote hapa tulikuosha."

Alitangulia yeye, gauni limefungwa kiunoni, akipiga magugu kwa fimbo ili kilicholala kiamke kiende. Mimi nyuma, nikihesabu hatua. Mpimaji alibaki nchi kavu, akitazama saa yake. Maji yalinifika magotini, kiunoni, kifuani. Mizizi ilinishika kama wadai. Hatua ya thelathini na nane kitu kizito kikasogea kushoto kwetu, magugu yakainuka yakashuka. Mjane akasimama. Nami nikasimama, na nakiri sikuhesabu chochote kwa muda.

"Hajala leo, au ameshiba?" nikanong'ona.

"Nyamaza, usimpe wazo."

Kikaenda. Hatua nne zaidi akasema, "Panda." Mguu wangu ukakuta jiwe. Nikapanda. Jingine. Moja, mbili, tatu, nne, kisha sakafu tambarare. Nikateremka nikapanda tena. Nne. Nikainua mkono kama mtoto aliyejua jibu, na mpimaji akavua viatu vyake.

Tukavuta mkanda kutoka ngazi hadi nchi kavu, yeye akiandika, mjane akishika ncha. Mama alikuwa amesimama mlangoni pake na kidole juu ya midomo. Mkanda ukapanda mteremko. Nilikuwa nautazama ukuta wa mama tu, nikiomba mkanda uishe kabla haujaufikia. Ukaisha. Nikacheka kwa sauti.

Ulikuwa umeishia kwenye kizingiti cha mjane.

Usiku mzima uliotangulia nilikuwa na ramani ile mapajani, kidole kikitembea juu yake, na kila mara nilihesabu kutoka nyumba yetu kushuka, nikisimama pale tulipookoka. Sikuendelea kuuliza barabara ikitoka kwetu inakwenda wapi. Mimi ambaye siuzi soksi kabla sijahesabu pea mara mbili.

"Pima tena," nikasema.

Tukapima tena. Nilitamani hesabu ya pili iikane ya kwanza. Haikuikana hata kwa inchi moja.

Mjane alikuwa bado ameshika ncha ya mkanda, maji yakimchuruzika. "Kumbe nimekutembeza mpaka mlangoni kwangu," akasema. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Nikamgeukia mpimaji nikaanza kazi ninayoijua. Barabara ya futi arobaini ya nini, lori lina upana gani? Akasema barabara si shati. Nikasema basi isogee chini. Akasema chini ni maji, wewe mwenyewe umethibitisha. Nikamwambia huyu naye ni Msabato, kesho hang'oi hata msumari, Jumapili peke yake haitoshi, Jumatatu mtamkuta na paa kichwani. Hapo akafungua tena daftari lake. Nilianza na muda wa mwezi, yeye na Jumatano. Tulifika Ijumaa iliyofuata, na mabati, milango na mbao zote zibaki za mjane. Nikamfanya aandike, nikasoma mara mbili.

Kisha akaifuta X ya mama, akachora mpya kwenye ukuta wa mjane.

Mama aliteremka polepole. Hakuniangalia. "Nyieka," akasema, "karai lako la mafuta halipiti mlango wangu wa mbele. Tutauvunja fremu ukae humo."

"Na sukari yako utauzia wapi?"

"Dirishani. Mimi ni mwembamba."

Mjane akanitupia mkanda wa watu wa kanjo miguuni, akaingia ndani kwake kuanza kuteremsha vyombo. Jua lilikuwa bado juu. Tulikuwa na muda wa karibu saa saba kabla ya Sabato. Nilichukua beseni la kwanza alilonisukumia, nikapanda nalo mteremko, nikarudi kuchukua la pili.