Mumi Aliyeitwa Kobe

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye ghala la visukuku la chuo kimoja hapa Mwanza, sikupewa kisukuku. Nilipewa sufuria. Mtunza Mikusanyo, mzee mfupi kutoka Ukerewe aliyevaa koti la maabara lililotoboka mifuko, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akanisogezea ndoo yenye vichwa vitatu vya samaki.

"Chemsha taratibu mpaka nyama iachie," akasema. "Usikoroge. Na mfupa ukipotea, usije ukaniambia paka kaula."

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, mwalimu wa biolojia wa sekondari huko Magu, nimepewa ruhusa ya miaka mitatu kusoma shahada ya uzamili ya visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo. Nilidhani nitaanza kwa kuchimba, kumbe nilianza kwa kupika. Ninyi mnaoanza leo kwa kompyuta mtanicheka, nami nawaambia mcheke tu. Kisukuku ni mfupa uliogeuka jiwe, na mara nyingi tunaokota kipande, hatuokoti mnyama. Kipande hicho huwezi kukitambua kama hujawahi kushika mfupa mzima wa mnyama wa leo. Ndiyo maana kila ghala lina mkusanyo wa kulinganishia, yaani mifupa ya wanyama wa siku hizi iliyosafishwa na kuandikwa majina. Wetu ulikuwa maskini, nikaamua kuujaza.

Nilipanga chumba Igoma. Nikawa nachemsha vichwa vya sangara, sato, kambare ambaye sisi watu wa ziwani tunamwita mumi, hata kobe aliyekufa barabarani, kisha naianika mifupa nyuma ya nyumba. Huku kwetu mwanamke wa makamo kukutwa na mifupa si jambo la kuchekesha. Wapo waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Wiki ya tatu balozi wa nyumba kumi akaja, akakaa kwenye kigoda, akasafisha koo.

"Mayu," akaniita, yaani mama, kwa heshima ya Kisukuma, "watu wanauliza ile mifupa ni ya nini."

"Ya kusoma, balozi."

"Inasomwaje?"

Nikamwekea mapajani fuvu la mumi na fuvu la sangara, nikamwonyesha. Alikaa saa nzima. Alipoondoka nikahamisha kamba na bati la kuanikia, nikaanza kuianika mifupa mbele ya nyumba, kila kichwa na karatasi yake ya jina. Anayetaka kusema uchawi aje asome kwanza. Niliogopa, sitawadanganya, lakini sikuirudisha nyuma.

Sheria kubwa ya ghala nilifundishwa na yule Mtunza. Kila kisukuku kinalala kwenye kisanduku na lebo, kikaratasi kigumu chenye jina la mnyama, jina la aliyemtambua, na tarehe. Ukija wewe ukaona mwenzako alikosea, hufuti wala hutoi lebo yake. Unaandika yako, unaiweka kando.

"Lebo haitupwi," aliniambia. "Hata ya mjinga. Ukishaitupa, wa baadaye atajuaje kwamba watu walibishana?"

Mwaka wa pili nilipewa visukuku vilivyotoka korongo moja upande wa Magu, vilivyochimbwa zamani na Profesa, msimamizi wangu wa masomo. Kazi yangu ilikuwa kuvipanga na kuvieleza katika tasnifu. Kwenye droo ya nne kulikuwa na kipande bapa, kikubwa kama kiganja, lebo yake imeandikwa: kobe wa majini. Jina la aliyemtambua lilikuwa la Profesa mwenyewe. Juu ya kobe huyo alikuwa ameandika makala iliyompa sifa, kwamba hapo zamani aliishi kobe mkubwa wa aina isiyojulikana.

Nikapitisha ukucha juu ya kile kipande. Ganda la kobe wa majini, wale wa ganda laini, lina vishimo, na ukucha unadumbukia. Paa la kichwa cha mumi lina vipele, na ukucha unaruka. Wangu uliruka. Nikaenda kuchukua mafuvu yangu ya Igoma, nikalinganisha siku nne, kwa ukucha na kwa darubini. Sikuwa na shaka. Nikaandika lebo: kambare mumi, sehemu ya paa la fuvu, na jina langu. Sura ya tatu ya tasnifu yangu ikawa ni mumi huyo.

Profesa aliniita ofisini. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya upole inayokufanya ujione umekuja na tope miguuni.

"Mwalimu," akasema, "hapa hatupiki samaki. Hapa ni sayansi."

"Shikamoo Profesa. Naomba ukipitishie ukucha," nikasema, nikimsogezea kile kipande.

Hakukigusa. Akafungua tasnifu yangu kwenye jedwali la visukuku, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Badilisha neno hili moja, na hiyo sura uiondoe. Nasaini leo. Mwezi ujao unavaa joho."

Bila saini ya msimamizi tasnifu haiendi kwa mtahini. Nililijua hilo, naye alijua kwamba ruhusa yangu ilikuwa imebakiza miezi miwili. Nilimwambia siwezi kuandika kobe wakati mkono wangu umeshika mumi. Akafunga faili langu na kunitakia safari njema.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kesho yake nilikuta lebo yangu imetolewa kwenye kisanduku. Nilimpelekea Mtunza habari kwa hasira. Katika kazi yetu hilo ni sawa na kung'oa msalaba wa kaburi la mtu. Mzee wa watu akafungua mtoto wa meza.

"Andika nyingine," akasema. "Karatasi ninazo."

Nikaandika, nikarudi Magu bila shahada. Mkuu wa shule alinipokea kwa huruma iliyoniudhi.

"Mwenye nguvu mpishe, mwalimu."

"Nimempisha mlangoni, mkuu. Kwenye mumi simpishi."

Kila likizo nilikwenda Mwanza, nikafungua droo ya nne. Mara nilikuta lebo yangu ipo, mara haipo. Isipokuwepo naandika upya, kwa tarehe ya siku hiyo. Niliandika sita kwa jumla. Nililia pia, hasa siku wanafunzi wangu wa zamani waliponialika kwenye mahafali yao ya uzamili, nikakaa kwenye viti vya wageni nikiwapigia makofi.

Mtunza alipostaafu alinipendekeza mimi, na chuo kikanikubali kama msaidizi wa mikusanyo, cheo cha chini kuliko ualimu wangu. Nilikishika miaka kumi na miwili. Kila mwanafunzi wa uzamili aliyepita pale nilimpa sufuria kwanza. Waliniita Mama Mumi, wengine kwa kejeli, nami niliitika.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Profesa akiwa ameshastaafu, Mkuu wa Idara mpya aliniita. Ni kijana muungwana. Aliinuka kwenye kiti, akaniamkia, akaweka mezani tasnifu yangu ya zamani.

"Mama, tunataka uondoke na shahada yako. Kamati imekubali. Ila Profesa bado ni mzee wetu, hatupendi kumwaibisha. Pale kwenye mumi tuandike tu: mnyama mwenye uti wa mgongo, hajatambulika."

Niliitazama ile tasnifu. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa na nililitaka lile joho kuliko nilivyowahi kulitaka.

"Anatambulika, baba," nikamwambia. "Nimemla tangu utoto."

Akairudisha tasnifu kwenye kabati. Aliuliza kama basi, angalau, nataka lebo ya Profesa iondolewe kwenye kisanduku. Nikamkataza. Hiyo nayo haitupwi.

Kwa hiyo nimestaafu msaidizi wa mikusanyo, wala sina cheti cha kutundika ukutani. Wapo wanaosema nilikuwa mkaidi, na kweli nilikuwa. Wewe unayesoma haya ukiwa na tasnifu yako mkononi, usinionee huruma, haina kazi kwangu. Nenda kwenye droo ya nne, pitisha ukucha, uamue mwenyewe. Ukiona ni kobe, andika kobe, uweke jina lako na tarehe. Mimi niko Igoma, mifupa bado inaanikwa mbele ya nyumba. Njoo tubishane.