Jembe Lake Lilisubiri Langu

Mke mwenzangu alipewa shamba la juu, kando ya barabara, kwa sababu mzee alimpenda. Mimi niliyetangulia kuolewa nilipewa bondeni, kwenye tope na mbu. Hilo sijawahi kulimeza. Nilimzidi kitu kimoja tu: kwetu mke mkubwa ndiye anayetangulia kupanda. Mvua ikinyesha, hata kama shamba lake limelimwa likalainika kama unga, jembe lake linasubiri langu. Nikiumwa, anasubiri. Nikienda Sirari kumwona binti yangu, anasubiri, mbegu zake za ulezi zikiwa ndani ya kibuyu. Hata mzee alipofariki hatukuacha.

Kisha dhahabu ikaonekana kwenye kilima nyuma yetu. Vijana wakaja kutoka kila upande, wakachimba, na karasha zao zikasaga mawe mpaka vyombo vyangu vikawa vinatetemeka uchagani. Wageni wanataka pa kulala, na barabarani ni kwa nani? Ni kwake. Akajenga vyumba kwa mstari, bati la bluu, akawapangisha wachimbaji. Akanunua na kochi. Nililikalia mara moja, nikasema linaniumiza mgongo. Uongo. Lilikuwa laini, nikarudi nyumbani nikiliwaza mpaka ugali ukaniungulia.

Ndipo diwani akaitisha mkutano uwanja wa shule. Alikuja na rasimu ya sheria ndogo: kutoka barabarani mpaka mtoni, mashamba yote yawe eneo la mji, yapimwe viwanja. Kulima marufuku, ng'ombe marufuku. Anayetaka kulima akatafute shamba mbali, huko Itiryo. Shamba langu lote lilikuwa humo ndani, na ndilo linalolisha wanangu na wajukuu wangu.

Mke mwenzangu alikuwa wa kwanza kusimama kuunga mkono, na kitenge kipya.

"Tumelima tangu tuzaliwe, tumepata nini? Mji ukija, hata dada yangu yule atajenga."

Nikasimama na mimi. Shule niliishia darasa la pili, lakini sauti ninayo.

"Diwani, hawa vijana wa mashimo wanakula nini? Ni muhogo wangu na mboga zangu. Ukijaza nyumba mpaka mtoni, utawapikia bati?"

Kijana mmoja, kichwa cheupe kwa vumbi la karasha, akasema, "Bibi, sema ukweli. Unamwonea wivu mwenzio."

"Ninamwonea, tangu wewe hujazaliwa. Bati lake linanichoma macho kila asubuhi. Kwa hiyo shamba langu liwe choo cha wapangaji?"

Watu wakacheka. Mke mwenzangu hakucheka.

"Dada, shida yako si shamba. Unataka nife nikikusubiri upande."

Ananijua yule mwanamke.

"Ndiyo," nikamjibu. "Mzee alikupa barabara, akakupa na moyo wake. Mimi nilipewa kutangulia. Sheria hii ikipita, nitatangulia kupanda nini, matofali?"

Upande wa akina mama waliketi wake wakubwa wengi kuliko nilivyodhani. Nilisikia wakiguna, mmoja akapiga goti lake kwa kiganja. Mwenyekiti wa kijiji alipoomba mikono ya wanaokataa, ikainuka mikono yenye sugu, na nyuma yao waume, na wana wao. Diwani akaikunja rasimu yake, akasema ataenda kueleza halmashauri kwamba wananchi hawajaridhia. Wapo wanaosema itarudi. Irudi. Nitasimama tena.

Mvua za kupanda zikafika. Mke mwenzangu alikuwa amebakiza kipande cha shamba nyuma ya vyumba vyake. Asubuhi nikamwona anateremka, jembe begani, miguu peku, kitenge kile kipya amekiacha nyumbani. Akasimama penye uzio wangu wa minyaa.

"Shikamoo dada. Umeshapanda?"

Nilikuwa nimepanda tangu alfajiri. Ulezi ulishamwagwa upande wote wa mtoni na kufukiwa. Nikaivuta kanga yangu ikafunika miguu yenye tope.

"Marahaba. Bado," nikasema. "Pita kwanza unywe uji."

Akaegemeza jembe ukutani, akakaa kwenye kigoda changu kigumu, akasubiri.