Vidole Pembeni mwa Shuka

Ruguru hupiga picha za harusi mjini Embu, lakini kazi iliyo moyoni mwake ni ya wanawake wa kwao Kanja. Huwakalisha na picha zao za zamani, akawauliza siku ile ilikuwaje. Jumamosi moja alipokuja nyumbani, baba yake mdogo, Nyamu, alimpa picha ya marehemu babu aikuze kwa ajili ya ukumbusho kanisani.

"Mama, hii uisafishe," alisema. Humwita mama kwa kuwa Ruguru amerithi jina la nyanya yake, mama mzazi wa Nyamu. "Hivi vidole hapa pembeni, toa. Vinamharibu mzee."

Babu alikuwa ameketi na koti la kuazima, shuka nyeupe nyuma yake. Ukingoni mwa shuka, vidole vinne.

Ruguru aliipeleka jikoni, nyanya akichambua maharagwe. "Cucu, vidole vya nani hivi?"

Nyanya akacheka kidogo. "Si vyangu? Mpiga picha alitaka shuka ishikwe. Nilisimama juani mpaka mikono ikafa ganzi, mtoto analia mgongoni."

"Na yako ulipigwa?"

"Ya nini? Mimi nilikuwa wa kushika."

Picha nyingine ya ujana wake hakuna. Ruguru akaitazama tena picha. Mtu azae boma zima, apalilie kahawa yote ile, ujana wake ubaki vidole vinne, na hivyo navyo viitwe uchafu?

Akatoka uani, alikokuwa Nyamu akisikia yote. "Anko, huyo mtoto wa mgongoni alikuwa nani?"

"Nitajuaje?"

"Ni wewe," nyanya akajibu kutoka jikoni. "Na ulikuwa umenikojolea."



"Kila siku unaniita mama," Ruguru akasema, "na mama mwenyewe unataka nimfute. Sifuti."

"Watu wa kanisa watauliza."

"Wakiuliza utawajibu. Na hii haitaenda peke yake."

Akatoa shuka kitandani, akaweka kiti uani, akamkalisha nyanya. "Anko, shika hapa. Juu zaidi."

Nyamu akashika, akinung'unika. Jua lilikuwa kali. "Bado?"

"Bado," nyanya akasema, akijifunga kitambaa upya bila haraka. "Inua, Nyamu. Inalala."

Ruguru akarudi nyuma kidogo na kamera, mpaka vidole vya Nyamu vikaingia.