Karatasi ya Damu ya Délice

Saa nne asubuhi, Zaina, mkazi wa mtaa wa Songo, amepiga magoti kwenye mchanga wa ziwa mjini Uvira, akigeuza kwa viganja ndagala, dagaa anaowaanika juani. Chini ya turubai, bintiye Mapendo, 12, anakunywa maji. Mama anamhimiza anywe tena. Msichana anamjibu kwamba yeye si samaki.

Kwa miaka saba hakuruhusiwa kunywa hivyo. Mifupa ilipomuuma, wakubwa wa ukoo walisema ni baridi ya ziwa imemwingia, akawa anapimiwa maji kwa kikombe. Muuguzi ndiye aliyewaambia ana ugonjwa wa damu wa kurithi, ule wanaouita SS, na kwamba anahitaji maji mengi kila siku.

"Minye mwenyewe nilimunyima," Zaina anasema. "Na ziwa iko pale."

Mji huu umeandikishwa kwa kura, kwa kodi, hata kwa ndoo za kujikinga na kipindupindu. Miaka yote hiyo, nani alikuja kuuliza habari za damu ya watoto?

Sasa swali limehamia kwa watoto wengine wawili wa Zaina, wazima kabisa: Walid, 8, na Délice, 18. Muuguzi anasema huenda wamebeba nusu ya ugonjwa bila kuumwa. Wakioana na mwenye nusu kama yao, wanaweza kuzaa mtoto wa SS. Na kijana wa baba yake mkubwa Délice ameshaleta posa.

Mashangazi hawataki kusikia kipimo. Wanasema kitamfanya Délice aozee nyumbani bila mume. Wanasema pia ugonjwa umetoka upande wa Zaina.

"Upande gani?" anacheka. "Minye na baba Délice, babu yetu iko mumoja."

Mumewe, Sumaili, muuza vitenge, alikataa kipimo kwa miezi mitano. Aliuliza mtoto mzima anatafutiwa nini. Wiki iliyopita Délice alimjibu kwa upole: "Papa, nikizaa, ni minye nitabeba ule mutoto hospitali." Sumaili akauliza ni siku gani wanapima.

Ni Jumatatu. Walid atangoja akue, aulizwe mwenyewe. Délice atapimwa, na bahasha ya majibu ataifungua peke yake.

"Hata minye nitabakia inje," Zaina anasema, akirudi kwenye ndagala zake. "Wenye posa wangojee. Akishasoma, yeye ndiye atawajibu."