Mzunguko wa Teresina

Mwaka 1978 Teresina Gune alikuwa karani wa hesabu katika ofisi yetu ya ardhi hapa Juba, meza yake ikitazamana na yangu. Mambo ya kompyuta alijifunza Kampala, tulipokuwa wakimbizi. Juba haikuwa na kompyuta hata moja. Programu aliziandika kwa penseli, zikapanda ndege ya Nairobi, majibu yakarudi baada ya wiki.

Ofisi ilitaka kugawa viwanja bondeni Gumbo kwa familia zilizorudi kutoka Uganda. Tuta la kimo gani lingezuia mto? Programu yake ilianza na mita moja, ikaongeza kidogo kidogo, ikizunguka hadi ipate kimo kinachotosha, ndipo iandike neno moja: KIPO. Kimo chenyewe hakikuchapwa. Marubani walitubebea karatasi kwa hisani, nasi tulizoea kubana kila mstari.

Wani, mtu wetu aliyeendesha kompyuta kule Nairobi, alikuja likizo na jibu mkononi. KIPO. Mkurugenzi, Bwana Fortunato, akafungua kalamu atie sahihi ugawaji.

"Bado, mzee," Teresina akasema. "Nimejaribu kwa mkono hadi mita tisa. Tuta likipanda, maji yaliyobanwa yanapanda nalo. Mzunguko ule hauna mwisho. Umeishaje?"

Wani akacheka. "Ya Teresina, wewe iko nabishana na mashine?"

"Na mtafsiri wake." Alimaanisha programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. "Ameona kimo hakitumiki popote, akafuta mzunguko mzima, akarukia KIPO."

"Anaokoa muda, dada. Amefundishwa kuamini kila mzunguko unaisha. Ukizunguka milele, foleni yangu niipeleke wapi?"

"Basi anikatalie kazi. Asiniambie nimefika wakati sijafika."

Fortunato akafunga kalamu. "Nakupa wiki mbili."

Teresina akaweka kikomo cha mizunguko elfu, na mstari wa kuchapa kimo kila mara, ili mtafsiri asipate cha kufuta. Karatasi zilirudi nene kama tofali. Mwisho kabisa: HAKIJAPATIKANA.

Viwanja viligawiwa juu zaidi, kando ya barabara ya Nimule. Mwaka uliofuata bonde lilijaa maji. Tulisimama darajani, mimi na yeye, wanawake wawili tuliozunguka miaka kumi ugenini tukiambiwa kila mwaka kwamba tumefika. Kule juu watu walikuwa wakianika mtama.

"Twende kazini," akasema.

Nilitembea nyuma yake kidogo, nione watu wakimwona.