Sauti Inatembea Juu ya Maji

Kabla hatujaingia ziwani, kijana mwenye mitumbwi alituonya. "Akina mathe, tuongee polepole. Hapa sauti inatembea. Mkisema kitu huku, wa ng'ambo anaskia yote."

Rafiki yangu hakumsikiliza. Alikuwa kando akijipiga picha na jaketi la kuelea. Tulikuwa wanawake tisa wa kwaya moja, tumetoka mtaani kwetu Bondeni hadi Naivasha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kasia. Nilitaka mimi na rafiki yangu tukae mtumbwi mmoja. Yule kijana akatupima kwa macho, akacheka, akasema sisi wawili tukipanda pamoja tutazama. Akamweka na mwenyekiti wetu, mimi akanichukua mwenyewe.

Rafiki huyo ndiye pekee aliyejua kwamba mume wangu hayuko kazini Mombasa. Yuko Salgaa, safari isiyofika saa moja kutoka kwetu, kwa mwanamke mwenye hoteli. Mume alipoondoka, huyu rafiki alilala kwangu siku tatu. Uongo wa Mombasa aliubuni yeye. Tena yeye mwenyewe huniuliza mbele za watu, "Baba watoto anarudi lini?" ili nijibu, wanyamaze.

Wenzetu walibaki wakizunguka papo hapo na kupiga kelele. Sisi tukapita nyuma ya mafunjo, maji yakatulia, nikaanza kufurahia kweli. Ndipo nikamsikia, wazi, kama tuko jikoni kwake.

"Mombasa gani? Mzee ako hapo tu Salgaa, ameoa. Lakini msimwambie ni mimi nimesema."

Wakacheka, na si mtu mmoja wala wawili. Kijana wa watu akaanza kukohoa kwa nguvu, lakini alikuwa amechelewa. Nilitamani nimrushie yule mwanamke kasia kichwani. Badala yake niliyapiga maji ovyo mpaka nikalowa, na machozi yangu hayakuonekana.

Tukirudi tulisimama Kikopey kula nyama. Kila mtu alinisukumia mbavu nono, na niliuchukia kila mfupa. Rafiki yangu akapangusa mafuta mdomoni, akapaza sauti kama tulivyozoea.

"Na baba watoto, anarudi lini?"

Wote wakainamia sahani zao. Nilimtazama usoni, naye akanikonyeza, kunisaidia.

"Desemba," nikasema.

Mwenyekiti akanisogezea kachumbari.