Barua ya Tatu ya Kujieleza

Nilichukia kuandika kwa zaidi ya miaka ishirini, na sioni haya kusema kwamba nilimchukia pia aliyenifundisha kuchukia. Alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili katika shule ya msingi huko Kalimoni, mwanamume wa sweta ya kijani na kalamu nyekundu. Alituandikia ubaoni mwanzo wa insha, nasi tukaukariri: jua lilikuwa limechomoza, ndege walikuwa wakiimba, umande ulikuwa ukimetameta majanini. Iwe insha ni ya ajali au ya harusi, lazima jua lichomoze kwanza. Siku moja alitwambia tuandike kuhusu siku ambayo hatutaisahau. Mimi nikaandika jinsi ng'ombe wetu alivyovimba tumbo akafa, na jinsi mama alivyokaa juu ya ndoo ya kukamulia hadi saa sita mchana bila kumjibu mtu. Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa kwa sauti nyembamba ya kuniigiza. Wenzangu wakacheka hadi wengine wakalalia madawati.

"Jua liko wapi?" akaniuliza, kisha akanipa nne kwa arobaini. Nyumbani wiki hiyo tulikuwa tunakunywa chai ya rangi.

Tangu hapo karatasi tupu ilinitoa jasho viganjani. Nilipokuwa mtu mzima nilimpa mtu mwingine kalamu hata kwa fomu ya kufungua akaunti. Nilipoajiriwa Thika, katika kiwanda cha kutengeneza mabeseni ya plastiki, nilifurahi kwa sababu mashine haitaki insha. Nilijidanganya.

Kiwandani kwetu, jambo likiharibika, ofisi hukupa barua ya kukutaka ujieleze kwa maandishi kwa nini usiadhibiwe. Una siku tatu. Nami sikuwahi kuona mfanyakazi akiandika jibu lake mwenyewe. Sote tulikwenda saiba moja, duka la kompyuta karibu na steji ya matatu, ambapo mama mmoja alikuwa na barua moja tu kwenye kompyuta yake, ya Kiingereza, akibadilisha jina na tarehe. Ilianza kwa shukrani, ikakiri kosa, ikaomba msamaha, ikamalizia kwa kumtaja Mungu. Tuliamini kwamba ofisi inataka unyenyekevu, na kwamba ukinyenyekea faili hufungwa. Mara ya kwanza niliipeleka kwa sababu ya mabeseni yaliyopasuka katika zamu iliyonitangulia. Mara ya pili ni kwa kuchelewa siku ambayo ratiba ilibadilishwa bila mtu kuniambia. Sikuwa na kosa hata moja kati ya hayo mawili, na yote mawili nilitia sahihi.

Mara ya tatu, siku ya Jumatano, msimamizi wa zamu alinituma langoni nimchukulie mzigo wake wa viatu ulioletwa na bodaboda. Nilimwambia mashine iko moto. Akasema, "Wewe enda, mimi nitaiangalia." Hakuiangalia. Niliporudi plastiki ilikuwa imeungua, moshi umejaa, na yeye anapiga kelele kwamba nimetoroka kazini. Mzigo wake aliunyakua mkononi mwangu huku akinitukana.

Afisa wa wafanyakazi alikuja kutoka ofisi kuu ya Ruiru akanikabidhi barua mwenyewe. "Madam, hii ni ya tatu," alisema. "File yako iko na makosa mbili, na zote umekubali kwa mkono yako. Ukikubali na hii, Jumatatu unaenda home."

Nilimtazama mtu yule na shati lake lililopigwa pasi, nikaelewa jinsi nilivyokuwa mjinga. Ile barua ya saiba haikuwa imefunga faili yoyote. Kila msamaha niliouomba ulikuwa umewekwa pale kama ungamo, ukingoja wa tatu. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inalipia chumba changu Ngoingwa na dawa za presha za mama, na nilikuwa nimeitia kitanzi mimi mwenyewe, mara mbili, kwa kuogopa karatasi.

Jumamosi mchana niliketi nyumbani nikiwa na daftari la mazoezi na hasira ya kutosha kiwanda kizima. Sentensi ya kwanza ilinichukua karibu saa nzima. Nilianza na shukrani, nikairarua. Nikaanza na jina la Mungu, nikairarua pia, maana Mungu hakuwa kwenye zamu siku hiyo. Mwishowe nikaandika: Sikutoroka, nilitumwa viatu. Nikaisoma tena. Ilikuwa kweli tupu, na ilikaa pale kwenye mstari bila jua wala ndege, na hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Niliandika boksi lilivyokuwa limefungwa kwa kamba ya manila. Niliandika kwamba lilikuwa limepasuka kona moja, na viatu vilikuwa vya ngozi, vya kahawia, vyenye ncha. Niliandika maneno ya msimamizi jinsi alivyoyasema, na kila neno lilipokaa mahali pake nilisikia utamu, utamu mbaya, wa mtu kujikuna pale anapowashwa. Nikarudi nyuma kwa mabeseni yaliyopasuka, nikarudi kwa ratiba. Kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe wetu nilikuwa naandika kitu nilichokiona kwa macho yangu. Chai ilipoa pembeni, na nilipoinua kichwa kurasa zilikuwa saba.

Jumatatu niliipeleka Ruiru. Afisa alisoma kurasa mbili akaweka daftari chini.

"Nani amekuandikia hii? Uko na lawyer?"

"Ni mimi nimeandika."

"Wacha bana. Na mbona Kiswahili?"

"Kizungu kiko saiba, bosi. Hii ni yangu."

"Watu wa mashine hawaandikangi hivi." Akanisukumia karatasi tupu juu ya meza yake. "Haya, andika hapa nikiona. Vile ulienda gate."

Nilimchukia kwa sentensi hiyo, namchukia kwayo mpaka leo. Lakini nilipoitazama karatasi, viganja vyangu vilikuwa vikavu. Nikavuta kiti karibu, nikaanza na mlinzi wa lango aliyenipa daftari lake nitie sahihi, na jinsi alivyoandika mbele ya jina la msimamizi: viatu. Afisa alisimama nyuma ya bega langu akisoma kila mstari unavyotoka. Alipofika kwa hilo neno akachukua simu, akaita lango la Thika, akasema, "Nisomee kitabu ya Jumatano." Akasikiliza, kidole chake kikiwa juu ya neno langu, viatu. Alipokata simu hakuomba msamaha, wala sikuutarajia.

"Sawa, nimeona. Rudi kazini," alisema, akinyoosha mkono kuchukua karatasi. "Hiyo imetosha."

Niliweka kiwiko juu yake.

"Bado sijamaliza," nikamwambia, na nikaigeuza upande wa pili.